Seva Iliyogoma Kuwaka Imekwisha Kusema Sababu

Mhadhara kwa wanafunzi na mafundi wa TEHAMA, Iyunga, Mbeya

 

Nimeombwa nizungumzie seva ya wavuti inayogoma kuwaka kwenye Linux. Wapo wanaoliona somo hili kuwa la chumba cha nyuma, la watu wawili watatu wenye funguo za kabati la mitambo. Mimi silioni hivyo. Mama aliyeshika kadi ya kliniki dirishani, mkulima wa chai wa Rungwe anayesubiri kilo zake ziingizwe kwenye mfumo wa ushirika, mwanafunzi anayesajili masomo siku ya mwisho: wote hao wanategemea programu moja iwe imewaka mahali fulani, na mara nyingi programu hiyo ni Apache au nginx. Siku isipowaka, foleni huanza saa mbili asubuhi, na ikifika saa nne kila mkubwa ameshapiga simu kitengo cha TEHAMA. Chini ya mzigo huo wa simu ndipo maamuzi mabaya hufanyika.

Nafurahi kuyasemea haya Iyunga. Tangu Chuo cha Ufundi Mbeya kilipoanzishwa mwaka 1986, kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na hatimaye chuo kikuu tunachokiita MUST, eneo hili limelea mafundi wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, na sasa wa kompyuta. Wengi wenu mtapangiwa Vwawa, Tukuyu, Makambako, Sumbawanga, kila mmoja akiwa fundi pekee wa ofisi yake. Hakutakuwa na mwenzako meza ya pili wa kumuuliza. Nawasemea hasa ninyi.

Neno langu ni moja. Seva iliyogoma kuwaka imekwisha kusema kwa nini imegoma. Imeandika sababu hiyo, mara nyingi kwa mstari mmoja ulio wazi, mahali panapojulikana. Shida yetu ni kwamba tunaanza kutenda kabla ya kusoma, na mara nyingi tendo letu la kwanza linafuta au kufunika yale maandishi.

Kabla ya yote, hakikisheni kweli imegoma. Watu wa mapokezi watakuambia «mtandao hamna», na ndani ya maneno hayo mawili mnaweza kukaa matatizo kumi. Ukifungua ukurasa ukapata 502, ujue seva ya mbele iko hai. Iliyokufa ni programu iliyo nyuma yake. Ukipata 403, seva iko hai na imekukatalia faili kwa sababu ya ruhusa. Ukurasa ukizunguka muda mrefu bila jibu, angalia njia na ukuta wa ulinzi wa mtandao kwanza. Lakini muunganisho ukikataliwa papo hapo, bila kusubiri hata sekunde, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mashine ipo na hakuna programu inayosikiliza. Amri ya systemctl status apache2, au nginx, itathibitisha. Ikiwa mashine yako ni ya ukoo wa Red Hat, Apache huko inaitwa httpd. Nimeona mafundi wakihangaika asubuhi nzima na seva iliyokuwa inawaka vizuri kabisa, kwa sababu tu hakuna aliyetumia dakika moja kuuliza swali hili.

Sasa tuingie kwenye kuwaka kwenyewe, maana anayejua seva inavyowaka atajua imekwama wapi.

Unapoandika systemctl start, anayepokea amri ni systemd, ambayo iliingia Debian na Ubuntu mwaka 2015 na ndiyo inayosimamia huduma kwenye takriban kila seva mtakayoikuta. Systemd inaianzisha Apache ikiwa na mamlaka ya root, yule mtumiaji mkuu. Apache inasoma mafaili yake ya mipangilio kuanzia juu hadi chini, ikiyafuata yote yaliyotajwa ndani yake. Inapakia moduli moja baada ya nyingine. Inaangalia kama folda za logi zipo. Inaomba kwa mfumo endeshi iruhusiwe kusikiliza poti ya 80 na ya 443. Poti zote zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hazitolewi kwa mtumiaji wa kawaida, ndiyo sababu inaanza na mamlaka makubwa. Kisha inafungua mafaili ya logi, inasoma vyeti vya usalama na funguo zake za siri. Mwisho inazaa michakato midogo ya kuhudumia wageni, na hiyo inavuliwa mamlaka na kufanya kazi kwa jina la www-data.

Nimelirefusha hilo kwa makusudi. Tazameni mpangilio wake. Kosa la herufi kwenye mipangilio huigonga seva mapema kabisa, kabla haijafika kwenye poti. Poti iliyoshikwa na mwingine humaanisha mipangilio ilisomeka. Na ruhusa mbaya kwenye picha au kurasa za tovuti haziwezi kuzuia seva kuwaka, kwa sababu wakati wa kuwaka hakuna aliyeziomba kurasa hizo. Kwa hiyo yule kijana anayekimbilia kubadilisha ruhusa za /var/www pale seva inapogoma anatibu mahali ambapo hapajaumwa.

Maandishi yenyewe yapo wapi? Amri ya journalctl -u apache2 -b itakupa yale ambayo huduma hiyo imesema tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Faili la error.log ndani ya /var/log/apache2 au /var/log/nginx litakupa mengine. Someni yote, msiridhike na mistari michache inayochungulia kwenye systemctl status, ambayo mara nyingi imekatwa upande wa kulia. Na msishike mstari wa kwanza mnaouelewa. Apache ina onyo mashuhuri, AH00558, linalosema kwamba haikuweza kujua jina kamili la seva. Onyo hilo hutokea hata pale inapowaka bila tatizo lolote. Mafundi wangapi wamepoteza siku wakilirekebisha, huku sababu halisi imekaa mistari mitatu chini yake? Tangu toleo la 2.4 lilipotoka mwaka 2012, karibu kila ujumbe wa Apache una namba yake inayoanza na AH. Namba hiyo ni mali. Ukitafuta msaada, tafuta kwa namba hiyo pamoja na maneno yaliyo mbele yake, si kwa «Apache imegoma».

Kuna jambo jingine dogo linaloleta madhara. Ukiishinikiza amri ya kuwasha mara nyingi kwa haraka, systemd kwa kawaida itakubali mara 5 ndani ya sekunde 10, kisha itakataa hata kujaribu, na itaandika kwamba maombi yamerudiwa upesi mno. Sasa mwisho wa logi hausemi tena sababu ya kwanza. Unalalamikia vidole vyako. Panda juu kwenye logi hadi jaribio la kwanza kabisa. Lile ndilo la kusoma.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu. Kilitokea katika ofisi moja ya Nyanda za Juu Kusini, nami nilikuja kuitwa mambo yalipokuwa yameharibika.

Diski ya seva ilikuwa imejaa. Kijana mwenye bidii, aliyeachiwa peke yake, akatafuta ni nini kinachokula nafasi, akakuta logi za Apache zimekuwa kubwa sana. Badala ya kuzipunguza, akafuta folda nzima ya /var/log/apache2. Akapima diski kwa df -h: bado imejaa. Akashangaa, akafuta vitu vingine, nafasi ikapatikana kidogo, akaenda zake nyumbani. Seva iliendelea kufanya kazi. Siku zikapita, wiki zikapita. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi alfajiri, mashine ikajiwasha, na Apache ikagoma.

Kila mtu pale ofisini akasema ni umeme. Ungekuwapo ungekubali: jana ilikuwa inafanya kazi, umeme umekatika, leo haifanyi kazi. Hoja ya kununua UPS mpya ilikuwa imeshafika kwa mhasibu.

Lakini fikirini kilichotokea ndani ya mashine. Kwenye Linux, kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye folda. Ikiwa kuna programu ambayo bado imelifungua, faili lenyewe linabaki kwenye diski, halina jina, linaendelea kuandikwa, na nafasi yake hairudi hadi programu ile ilifunge. Ndiyo maana df ilibaki palepale baada ya kufuta. Ile ilikuwa dalili ya kwanza, nayo ilipuuzwa. Apache ikaendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina kwa wiki zote zile. Umeme ulipokatika, faili lile likapotea na nafasi ikarudi. Apache ilipotaka kuwaka upya ikatafuta folda ya kuwekea logi, haikuiona, ikakataa. Na iliandika hivyo: haiwezi kuifikia folda ya /var/log/apache2, kwa sababu folda hiyo haipo. Dawa yake ni mkdir, umiliki wa root na kundi la adm, ruhusa 750, kisha kuwasha. Dakika mbili.

Hawakusoma. Waliamua «kuanza upya kabisa». Wakaing'oa Apache, wakafuta kwa mkono folda ya /etc/apache2 ili pasibaki uchafu, wakaisakinisha tena. Usakinishaji ukatengeneza upya ile folda ya logi, kwa hiyo seva ikawaka, wakashangilia. Walipofungua kivinjari wakakuta ule ukurasa wa Ubuntu unaosema «It works!». Mfumo wa ofisi haukuwapo. Mipangilio yote iliyoelekeza majina, vyeti na njia za kwenda kwenye programu zao, kazi ya miaka kadhaa ya mtu ambaye alikuwa ameshahama, ilikuwa imefutwa, na nakala ya akiba haikuwapo.

Simlaumu yule kijana wa kwanza kama ninavyoulaumu utaratibu uliomwacha peke yake na diski iliyojaa. Lakini hatua ya pili, ile ya kung'oa na kufuta, hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote, popote ninaposimama. Kusakinisha upya si uchunguzi. Mara nyingine kunaponya kwa bahati, na kukiponya kunakunyima kujua ulikuwa unaumwa nini. Kama lazima ufike huko, nakili kwanza /etc/apache2 au /etc/nginx nzima mahali pengine. Folda hizo kwa kawaida ni ndogo sana. Zinaingia kwenye flashi yoyote.

Kuhusu diski iliyojaa, niongeze kidogo. Pimeni kwa df -h, lakini pia kwa df -i, maana diski inaweza kuwa na nafasi tele huku hesabu ya mafaili iliyopangiwa imekwisha, hasa pale programu inapotema mafaili madogo madogo ya muda bila kuyafuta. Na Apache inaweza kukuambia hakuna nafasi wakati vipimo vyote viwili ni vizuri, kwa sababu kilichokwisha ni semafori, yaani zile alama ambazo michakato hutumia kusubiriana, zilizoachwa na Apache iliyokufa vibaya. Amri ya ipcs -s itazionyesha.

Sasa poti. Wanaoishi karibu na stesheni ya TAZARA hapa Mbeya wanajua kwamba reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni ya njia moja. Treni moja ikiwa kwenye kipande cha kati ya stesheni mbili, nyingine haipewi njia mpaka ile itoke. Poti ya 80 kwenye anwani moja iko hivyo. Programu iliyoishika ndiyo yake, na ya pili itaambiwa anwani inatumika, kosa namba 98. Swali basi ni moja tu: nani ameishika? Amri ya sudo ss -ltnp itakutajia jina na namba ya mchakato.

Mara nyingi mshikaji ni mtu wa nyumbani. Hapa kwetu nimekutana sana na hili: mtu ana nginx inayofanya kazi vizuri kwenye Ubuntu au Debian, anahitaji PHP, anaandika apt install php. Kifurushi hicho, kikiombwa kwa jina hilo tupu, huja pamoja na Apache. Siku hiyo haoni kitu, kwa sababu nginx tayari imeshika poti na Apache ndiyo inayoshindwa kimyakimya. Siku mashine inapozimwa na kuwashwa, zote mbili zinakimbilia poti moja, na safari hii Apache inaweza kutangulia. Nginx inagoma, na lawama inaangukia kila kitu isipokuwa ule usakinishaji wa miezi mitatu iliyopita. Ukitaka PHP kwa ajili ya nginx, omba php-fpm. Na ukishamjua mshikaji, usimuue kwa kill -9 kabla ya kujua anamhudumia nani. Huenda ndiye anayebeba mfumo wa idara nyingine.

Mmeona kwamba visa hivi viwili vinafanana: jambo linafanywa leo, linalala, linaamshwa na kuzimika kwa mashine. Kwenye nchi ambayo umeme hautabiriki, hili ni somo zima. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Siku kama ile, seva ambazo hazijazimwa kwa mwaka mzima huzimika pamoja, na makosa ya mwaka mzima huamka pamoja. Umeme huonekana mchawi, na mara nyingi kazi yake imekuwa tu kufunua.

Lakini zipo nyakati ambazo umeme una hatia kweli. Mashine ikizimika ghafla katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili kwenye diski unaweza kuharibika, na Linux ikigundua hitilafu inaweza kuifunga diski isiandikwe tena, isomwe tu. Apache ikishindwa kufungua logi yake, inagoma. Jaribio ni rahisi: jaribu kuunda faili tupu kwa touch. Ukijibiwa kwamba mfumo wa mafaili ni wa kusomwa tu, acha kila kitu, usilazimishe kuandika. Nakili data kwanza kama unaweza, soma dmesg uone kama diski yenyewe inalalamika, ndipo ufikirie fsck, na uifanye diski ikiwa haijapachikwa.

Kuna na ruta. Umeme ukirudi, ruta na seva zinaamka pamoja, na seva inaweza kupewa anwani mpya, tofauti na ya jana. Kama mipangilio yako imeandikwa isikilize 192.168.1.10 na leo mashine imekuwa 192.168.1.14, utapata kosa namba 99: anwani uliyoomba haipo kwenye mashine hii. Wengi hulichanganya na 98, na kuanza kuwinda mshikaji wa poti ambaye hayupo. Seva ipewe anwani ya kudumu. Hilo halina mjadala.

Mtandao wa nje nao unaweza kuizuia seva ya ndani isiwake, jambo ambalo huwashangaza wengi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikaanguka vibaya. Mbeya inaunganishwa na Dar es Salaam na mipaka ya Zambia na Malawi kwa Mkongo wa Taifa, lakini mkongo wa nchi kavu huenda usikusaidie kufikia jina lililosajiliwa ng'ambo kama bahari imefungwa. Sasa chukueni seva ya nginx ambayo mipangilio yake inataja kwa jina seva nyingine iliyo mbali. Nginx hulitafuta jina hilo wakati wa kuwaka. Isipolipata, inaandika kwamba mwenyeji huyo hakupatikana, na inakataa kuwaka kabisa, ikiacha hata kurasa zako za ndani ambazo hazina uhusiano wowote na ng'ambo. Anayeizima na kuiwasha seva siku kama ile «ili ijaribu tena» anaweza kuipoteza seva iliyokuwa inafanya kazi. Kwa hiyo nasema kwa mkazo: mtandao ukiwa na matatizo, usiguse seva ambayo bado inawaka.

Masasisho yana kisa chao, nitakipita haraka. Ukiipandisha Ubuntu kutoka 20.04 hadi 22.04, PHP inatoka 7.4 kwenda 8.1. Kama mipangilio ya Apache bado inaiita moduli ya 7.4 na faili lake limeondolewa, seva itagoma na itataja jina la faili linalokosekana. Hapo zimisha moduli ya zamani kwa a2dismod, iwashe mpya kwa a2enmod. Na kabla ya kuwasha seva baada ya badiliko lolote, pimeni maandishi yenu: sudo apachectl configtest, au sudo nginx -t. Itakutajia faili na mstari wenye kosa. Haitakuambia kama poti imeshikwa, lakini kwa upande wa mipangilio hakuna mlinzi mzuri kuliko huyo, naye hana gharama.

Kuhusu ruhusa, nina ombi. Acheni chmod 777. Kama nilivyosema, karibu kila mara haihusiani na seva kugoma kuwaka, na inaiacha milango yote wazi kwa mtu yeyote aliyefika kwenye mashine. Kwenye mashine za Red Hat na ndugu zake mtakutana na SELinux, ambayo inaweza kuikatalia hata root. Ukiiambia Apache isikilize poti isiyo kwenye orodha yake, tuseme 8085, utapata kosa namba 13, ruhusa imekataliwa, na utajiuliza root anakatazwaje. Watu huizima SELinux nzima, wakaona seva imewaka, wakaiacha hivyo milele. Njia iliyo sawa ni amri moja ya semanage inayoiongeza poti hiyo kwenye orodha ya poti za wavuti. Mashine inayotunza taarifa za wagonjwa au akiba za wanachama haistahili kuachwa bila ulinzi kwa sababu fundi alichoka kusoma.

Hapa nataka nikae kidogo na suala la kusoma, maana kuna vijana wanaoogopa logi kwa sababu ya lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na nasikitika haikuendelezwa kama ilivyostahili. Lakini ujumbe wa Apache na wa kerneli bado unakuja kwa Kiingereza, na fundi anayekiogopa hugeuza macho kabla hajafika kwenye neno muhimu. Nawaambia kwa uhakika: sentensi mnazozihitaji hazifiki 30, na hujirudia. Anwani inatumika, ruhusa imekataliwa, faili halipo, hakuna nafasi, mwenyeji hakupatikana. Anayezijua hizo ameshaelewa sehemu kubwa ya asubuhi zake mbaya.

Kila ofisi iwe na daftari la seva. La karatasi, likae juu ya kabati, maana la kwenye seva halisomeki seva ikigoma. Kila anayegusa mashine aandike kwa Kiswahili chepesi: tarehe, saa, aliona nini, alifanya nini, aliandika amri gani, kulitokea nini. Laiti ofisi ile ingekuwa na daftari lenye mstari mmoja, «nimefuta folda ya logi, nafasi haijarudi», fundi yeyote angeelewa kabla ya chai ya saa nne. Na mkipiga simu kuomba msaada, au mkituma picha kwa WhatsApp, tumeni skrini yote kuanzia amri mliyoandika. Napokea picha nyingi zenye mstari wa mwisho peke yake, nao husema tu kwamba imeshindikana.

Walimu wenzangu, hili ni letu pia. Mtihani unaomtaka mwanafunzi ataje faida tano za Linux haumwandai kwa Sumbawanga. Mpeni mashine iliyoharibiwa kwa makusudi: folda imeondolewa, poti imeshikwa, nukta mkato imefutwa kwenye mipangilio ya nginx. Alama zitolewe kwa maelezo ya alichokisoma na alivyofikiri, na aliyeponya bila kueleza asipewe zote.

Na ikishawaka, kazi haijakwisha. Fungua ukurasa kutoka kwenye mashine yenyewe kwa curl, kisha kutoka mashine nyingine. Hakikisha kwa systemctl is-enabled kwamba itajiwasha yenyewe, kwa sababu huduma iliyowashwa kwa mkono bila kuandikishwa itabaki imelala umeme ukirudi. Halafu fanyeni jambo ambalo ofisi nyingi huliogopa: chagueni Jumamosi, nakilini mipangilio na data, muiwashe upya mashine nzima kwa amri ya reboot, mkiwa mmesimama pale na daftari mkononi. Chochote kilicholala ndani yake kitaamka siku mliyoichagua ninyi. Fanyeni hivyo baada ya kila sasisho kubwa, na zaidi ya hapo walau mara moja kabla ya Novemba, maana mvua zikianza huku kwetu na radi nazo zimeanza.

Nimemaliza, ndugu zangu. Kama kuna aliyekuja na logi yake, aisogeze mbele hapa tuisome pamoja.